Kulinganisha kiwanda kidogo cha matofali na wenzake

Kiwanda hulinganishwa kwa uwiano, yaani namba moja ya hesabu zake ikigawanywa kwa nyingine. Kugawanya namba ni kazi ya dakika kumi. Kinachokula muda ni kuzisafisha kwanza, na hapo ndipo wengi hukosea.

Anza na mauzo: yaandike bila VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Kisha mlipe mwenye kiwanda. Tuseme mauzo ya mwaka ni shilingi milioni 420 na faida kabla ya riba na kodi ni milioni 30, yaani asilimia 7.1. Inapendeza, ila mwenyewe anashinda kwenye tanuri bila mshahara. Mwandikie milioni 2 kwa mwezi, kama ambavyo ungemlipa msimamizi wa kuajiriwa. Faida inabaki milioni 6, asilimia 1.4. Hiyo ndiyo ya kulinganisha na kampuni inayolipa mameneja wake. Kama kiwanda kimekaa kwenye ardhi ya familia, toa pia kodi ya pango ambayo kingelipa kwingine.

Wadaiwa, yaani wateja ambao hawajalipa, wana mtego wao. Mteja anadaiwa pamoja na VAT ya asilimia 18, huku mauzo yako umeshayatoa VAT. Deni la milioni 49.56 ukiligawa kwa mauzo na kuzidisha kwa 365 unapata siku 43. Ligawe kwanza kwa 1.18, linakuwa milioni 42, na siku ni 36 na nusu. Karibu wiki nzima ya uongo imeondoka.

Shehena, yaani bidhaa ambazo hazijauzwa, igawe kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa, si kwa mauzo, kisha zidisha kwa 365. Matofali mabichi yanayosubiri kukauka yahesabiwe humo, yaliyovunjika yatolewe. Angalia na tarehe. Uganda Clays, kampuni kubwa ya bidhaa za udongo, hufunga hesabu Desemba 31. Wewe ukifunga Juni 30, mvua za Machi hadi Mei zimetoka kuchelewesha ukaushaji na banda limejaa. Tumia wastani wa miezi 12, usitegemee siku moja.

Uwiano wa mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi ukokotoe kwa njia mbili, pamoja na shehena na bila shehena. Tofali bichi halilipi benki.

Wenzako ni akina nani? Uganda Clays ya Kajjansi imeorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Uganda, kwa hiyo hesabu zake hutangazwa, lakini ukubwa wake si wako. Iweke pembeni kama alama ya mbali. Viwanda vya saizi yako vitafute kupitia chama cha wenye viwanda au mhasibu anayehudumia kadhaa. Omba asilimia na siku, usiombe shilingi. Watu hutoa uwiano kwa urahisi zaidi. Pata angalau vitano, vipange kuanzia kidogo hadi kikubwa, uchukue cha katikati, maana wastani huvutwa na kimoja kilichozidi.

Faida ghafi yako (mauzo ukitoa gharama ya bidhaa zilizouzwa, kwa asilimia ya mauzo) ikiwa chini ya hicho cha katikati, usikimbilie kupandisha bei. Hesabu kwanza matofali yanayoingia tanuri na mazima yanayotoka, halafu kuni au kapi za kahawa zilizotumika kwa kila elfu moja.