Namna ya Kuhifadhi Kumbukumbu za Likizo ya Agosti

Kabla shule hazijafunguliwa, keti na daftari na uanze na jumbe za M-Pesa katika simu yako, kwa kuwa zinaonyesha tarehe na saa ya kila nauli na kila sahani ya samaki uliyolipia kule Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria mjini Kisumu. Raha ndogondogo, kama upepo wa ziwa jioni, hazina risiti, kwa hivyo ziandike mapema. Vitabu usivifupishe, eleza ulikuwa wapi ulipovisoma. Mimi niliandika kwamba nilifika ukurasa wa 112 matatu ilipovuka Ikweta pale Maseno, na sentensi hiyo hunirudishia safari nzima, hata harufu ya mahindi ya kuchoma yaliyouzwa dirishani. Picha nne zinatosha. Nyuma yake andika kwa penseli, maana wino huvuja.