Kuisoma Hadithi ya Kifo Mpaka Iiguse Kesho Yako

Filamu ya Ikiru ya Akira Kurosawa, iliyotoka Japani mwaka 1952, inamhusu mkuu wa idara katika ofisi za jiji, Kanji Watanabe, ambaye anagundua kuwa ana saratani ya tumbo na siku zake zinahesabika. Baada ya kuhangaika huku na huko, anashika jambo moja: dimbwi la maji machafu ambalo akina mama wa mtaa wamelilalamikia sana lifukiwe, pajengwe uwanja wa watoto wa kuchezea. Anafariki filamu ikiwa bado inaendelea. Sehemu kubwa iliyobaki ni matanga yake. Wafanyakazi wenzake wanakunywa, wanabishana, na mwisho wanalia na kuapa kwamba kuanzia sasa watafanya kazi kama yeye. Kisha ofisi inafunguliwa, wananchi wanaleta shida yao, na mkuu mpya anawasukumia idara nyingine, kama ilivyokuwa zamani. Mfanyakazi mmoja anainuka kwa hasira. Anasimama, anatazama, kisha anakaa tena, na kichwa chake kinapotelea nyuma ya lundo la mafaili.

Mtu anayetaka hadithi za kifo zimsaidie kuishi aanze na onyesho hilo. Machozi humjia karibu kila msomaji. Kinachokosekana ni kile kinachofanyika kesho yake, na maelekezo yafuatayo yamepangwa kwa ajili hiyo.

Kuchagua hadithi

Si kila kitabu chenye maiti ni kitabu cha kifo. Riwaya ya upelelezi huanza na maiti ili tumtafute muuaji, na marehemu husahaulika kufikia sura ya tatu. Unachotafuta ni hadithi ambamo mhusika anajua kwamba anakufa, anajua mapema, na sisi tunakaa ndani ya kichwa chake wakati anajua. Iwe fupi, kurasa zisizozidi 150 hivi, ili uimalize kwa vikao vitatu au vinne ndani ya wiki moja. Kitabu kinachoburutwa kwa miezi mitatu hupoa mikononi.

Pia mhusika awe na kasoro unazozijua. Hadithi ya mgonjwa mtakatifu anayegawa busara kitandani huku akitabasamu ni tamu, lakini utamlilia yeye na wewe mwenyewe utabaki pembeni. Vivyo hivyo hadithi inayomponya mgonjwa kwa muujiza kwenye kurasa za mwisho: inakurudishia kila ilichokuwa imekunyang'anya, na unafunga kitabu ukiwa ulivyokuwa.

Cha kuanzia tunachokipendekeza bila kusita ni Kifo cha Ivan Ilyich, alichokichapisha Leo Tolstoy mwaka 1886. Kina sura 12 tu. Ivan ni hakimu wa miaka 45, mtu wa heshima zake, na sura ya kwanza inaanza akiwa ameshakufa: wenzake wanaposikia habari, wazo linalowajia kwanza ni nani atapandishwa cheo. Hakuna msomaji aliyewahi kuajiriwa ambaye hapo hajitambui.

Kuna watu ambao hili si la kwao kwa sasa. Aliyefiwa miezi michache iliyopita, aliyepewa majibu mazito ya hospitali juzi, na hasa aliyewahi kuwazia kujiua katika siku za karibuni, asubiri. Hadithi nyingine nzuri za kifo huishia kwa mhusika kujitoa uhai, kama Kazimoto katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), na msomaji aliye kwenye shimo anaweza kuuona mwisho huo kama mlango. Ikiwa mawazo hayo yanakujia unaposoma, weka kitabu chini, mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo, na mwone mhudumu wa afya.

Kusoma kwa penseli

Tenga dakika 40 hadi 60 kwa kikao, simu ikiwa chumba kingine. Soma asubuhi au alasiri, usisome kitandani kabla ya kulala. Sababu ni ya kawaida kabisa: fikra za kifo zikiingia gizani na mwili umechoka, hugeuka hofu, na hofu haimtumi mtu kufanya jambo lolote isipokuwa kuvuta shuka.

Shika penseli na utumie alama tatu tu pembezoni mwa ukurasa. Mstari mmoja pale ulipotamani kuruka aya. Duara pale jina la mtu unayemjua lilipokujia ghafla. Nyota pale hadithi ilipotaja kitu kidogo cha maisha: harufu, ladha, sauti ya mlango. Alama zikizidi tatu utaanza kuchambua fasihi kama mwanafunzi wa mtihani, na mtihani huu hauna majibu ya nyuma ya kitabu.

Nyota ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote, na sura ya sita ya Ivan Ilyich inaonyesha kwa nini. Shuleni Ivan alifundishwa mfano wa mantiki: Caius ni mtu, watu hufa, kwa hiyo Caius atakufa. Maisha yake yote aliukubali mfano huo kuwa sahihi kabisa kwa Caius. Lakini yeye hakuwa Caius. Yeye alikuwa Vanya mdogo, kama alivyoitwa utotoni, mwenye mama na baba, mwenye mpira wa ngozi wenye mistari aliokuwa akiupenda. Je, Caius aliijua harufu ya mpira ule?

Hapo ndipo kifo kinapoacha kuwa habari ya watu wote na kuwa chako. Kwa hiyo, ukimaliza sura hiyo, funga kitabu, chukua daftari, na kwa dakika kumi andika mpira wako ni upi: kitu kimoja ambacho hakuna mwingine duniani anayekikumbuka kama unavyokikumbuka wewe. Usiandike "utoto wangu." Andika kikombe kilichovunjika mpini, na nani alikuwa akikinywea, na upande upi wa meza. Zoezi likikushinda, tatizo huwa ni hilo tu, umeandika kwa ujumla mno. Punguza mpaka ufikie kitu kinachoshikika.

Dakika tano za mkono wa saa

Tarehe 22 Desemba 1849, kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule, Fyodor Dostoyevsky alisimamishwa uwanjani St. Petersburg pamoja na wenzake na kusomewa hukumu ya kupigwa risasi. Dakika za mwisho ikatangazwa kuwa hukumu imebadilishwa, naye Dostoyevsky akapelekwa kwenye kazi ngumu Siberia. Takriban miaka ishirini baadaye aliliweka tukio la namna hiyo katika riwaya yake ya Idiot, mdomoni mwa mhusika mkuu, Myshkin, anayesimulia habari za mtu aliyeamini amebakiwa na dakika tano. Mtu huyo alizigawa: dakika mbili za kuagana na wenzake, mbili za kujifikiria mwenyewe, na moja ya kutazama dunia kwa mara ya mwisho. Macho yake yakang'ang'ania paa la kanisa lililokuwa likimeremeta juani.

Mgawanyo huo unafaa kutumika kama ulivyo. Weka saa mbele yako. Dakika mbili za kwanza, andika majina ya unaowaaga. Usieleze, andika majina. Mbili zinazofuata usiandike chochote. Ya mwisho, inua macho utazame ulipo: ukuta, mkono wako, mwanga ulivyoangukia sakafuni. Wengi hushangazwa na mambo mawili. Kwanza, orodha ya majina ni fupi kuliko walivyodhani, na jina moja au mawili hawakulitegemea. Pili, dakika ile ya kutazama ni ndefu mno.

Jina usilolitegemea lizungushie duara. Utalihitaji.

Myshkin anasema jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita. Mtu yule alikuwa amewaza kwamba akirudishiwa uhai, angeihesabu kila dakika asipoteze hata moja. Alirudishiwa. Na Myshkin anapoulizwa kama aliishi hivyo, anajibu kwamba hapana, alisema mwenyewe kuwa alipoteza dakika nyingi sana. Kama mtu aliyesomewa hukumu halisi alisahau, msomaji aliyekaa kitini kwake atasahau haraka zaidi. Ndiyo maana hatua inayofuata ina kikomo cha saa 24.

Kutoka kwenye ukurasa hadi kwenye kitendo

Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker alianza kuchapisha majaribio yake juu ya kuandika mambo mazito mwaka 1986, na mtindo wake umebaki kuwa rahisi: dakika 15 hadi 20, siku tatu au nne mfululizo, bila kujali herufi wala sarufi. Ukimaliza kitabu, tumia siku tatu. Siku ya kwanza, andika kosa la mhusika ambalo na wewe unalifanya. Siku ya pili, lile alilolifanya vizuri, hata kama ni moja na alichelewa. Siku ya tatu, mwandikie barua mtu uliyezungushia jina lake duara. Si lazima uitume.

Kila siku kati ya hizo tatu imalizike kwa sentensi moja ya kitendo, yenye jina, mahali na saa, ya jambo linaloweza kufanyika kabla ya saa 24 kupita na lisilozidi nusu saa. "Nitakuwa karibu zaidi na familia" si kitendo. "Kesho saa 1 jioni nitampigia kaka, nimuulize habari za mguu wake, na nisimwombe chochote" ni kitendo. Tazama kipande cha mwisho cha sentensi hiyo. Mara nyingi kinachofanya jambo liwe jipya ni kile unachojizuia kukifanya.

Kimoja kwa siku kinatosha. Anayetoka kwenye kitabu na orodha ya mambo ishirini ya kufanya kabla ya kufa huwa amejenga lundo la mafaili la pili.

Na maamuzi makubwa? Kuacha kazi, kuvunja ndoa, kuuza nyumba: yaache kwa siku 30 angalau. Mhusika aliyebakiwa na miezi mitatu hana kodi ya mwaka ujao, hana mtoto atakayehitaji ada baada ya miaka sita. Wewe huenda unavyo vyote viwili. Hadithi imekukopesha tarehe ya mwisho isiyo yako, na deni la namna hiyo hulipwa kwa vitendo vidogo. Baada ya siku 30, kama uamuzi bado una nguvu ile ile asubuhi ya siku ya kazi, huo ni wako na unastahili kufikiriwa kwa uzito wake.

Gerasim

Katika Ivan Ilyich, kinachomtesa mgonjwa kuliko maumivu ni uongo. Kila mtu anajifanya kwamba yeye ni mgonjwa tu, hafi, na anatakiwa anywe dawa na kutulia. Anayemfariji ni mtumishi kijana, Gerasim, anayemsafisha na kuinyanyua miguu yake mabegani kwa saa nyingi kwa sababu hapo maumivu hupungua. Gerasim anasema waziwazi kwamba sote tutakufa, basi kwa nini asijisumbue kidogo kwa ajili yake?

Tunamshauri msomaji aisome tena sehemu hiyo, mara hii akiwa Gerasim. Kuishi kwa ukamilifu huchukuliwa kuwa ni kupanda milima, ilhali fasihi hii inaonyesha mara kwa mara kijana aliyeshika miguu ya mgonjwa. Ukiwa na mgonjwa wa kumtembelea, uliza kwanza kama anataka mtu. Kaa, usisimame mlangoni. Tafuta kazi moja ya mikono: kumgeuzia mto, kumletea maji, kumkuna mgongo. Neno "utapona tu" libaki kinywani, badala yake uliza, "Leo umeamkaje?" kisha nyamaza muda mrefu kuliko unavyopenda. Akitaka kuzungumzia mpira wa miguu, zungumzeni mpira.

Yanayoharibika

Kuna anayesoma kitabu kimoja cha kifo, akaguswa, akatafuta cha pili, cha tatu, mpaka cha sita. Kufikia hapo anafuata mguso wenyewe, na moyo umeota sugu. Vitabu viwili kwa mwaka vinatosha.

Kuna anayegeuka mhubiri wa nyumbani, kila mlo anawakumbusha watu kwamba watakufa. Mtoto wa miaka minane hakukisoma kitabu hicho. Mpe mchezo wa nusu saa, hotuba iache.

Kuna pia hatari isiyoonekana. Wanasaikolojia Jeff Greenberg, Tom Pyszczynski na Sheldon Solomon, tangu mwaka 1986, wamejenga nadharia kwamba kukumbushwa kifo kwa juu juu humfanya mtu ang'ang'anie kundi lake na kuwa mkali kwa walio tofauti naye. Baadhi ya majaribio ya baadaye hayakupata matokeo yale yale, lakini tahadhari yenyewe ni nzuri: ukijiona umetoka kwenye kitabu ukiwa na haraka ya kuhukumu watu, hukukaa na kifo chako, ulikipungia mkono kwa mbali. Rudi kwenye mpira wa ngozi.

Na hofu ikikunyima usingizi zaidi ya wiki mbili, acha zoezi zima na utafute msaada.

Mwaka unaofuata

Kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu andika tarehe uliyomaliza na vile vitendo vitatu. Baada ya mwaka soma nakala ile ile kwa penseli ya rangi nyingine. Mistari ya "nilitaka kuruka" huwa imehama, na kuhama kwake kunakueleza unaogopa nini sasa. Kisha soma vile vitendo vitatu. Kama kuna ambacho hakikufanyika, usianze kitabu kipya; kiandike upya chini ya tarehe ya leo, pamoja na jina na saa, na uweke kitabu wazi mezani mpaka saa hiyo ifike.