Jinsi ya Kuomba Mkopo wa Jengo la Biashara, Benki au kwa Mkopeshaji Binafsi

Anayeomba mkopo wa nyumba ya kuishi huulizwa zaidi habari za mshahara wake, ilhali anayeomba mkopo wa kununua ghala, jengo la ofisi au safu ya maduka huulizwa habari za jengo lenyewe: linaingiza kiasi gani, linakula kiasi gani, na litabakiwa na nini baada ya kulipa deni. Ndiyo maana kazi ya kwanza huifanya mezani kwako, kabla ya kujaza fomu yoyote.

Chukua kodi yote ya pango ambayo jengo lingeingiza kwa mwaka kama lingekuwa limejaa wapangaji, ondoa sehemu ya vyumba vitakavyokaa vitupu na ya wapangaji wasiolipa, kisha ondoa gharama za uendeshaji, yaani bima, kodi za serikali, ulinzi, usafi, matengenezo na ujira wa msimamizi. Marejesho ya mkopo hayaingii katika gharama hizi. Kinachobaki ndicho pato halisi la jengo. Tuseme kodi ya pango ni 200,000, vyumba vitupu vinapunguza 10,000 na uendeshaji unakula 70,000. Pato halisi ni 120,000. Marejesho ya mwaka, riba pamoja na mtaji, yakiwa 100,000, pato hilo linayafunika mara 1.2. Benki nyingi hutaka angalau mara 1.25, kwa hiyo jengo hili, ingawa linajilipa, linaweza kubeba marejesho ya 96,000 tu, na mwombaji atalazimika kuomba kiasi kidogo zaidi au muda mrefu zaidi. Ni afadhali uligundue hilo mwenyewe kwa kalamu kuliko kuelezwa na ofisa wa mikopo baada ya kumlipa mthamini.

Kipimo cha pili ni uwiano wa mkopo na thamani ya jengo, ambao benki huuweka kwa kawaida kati ya asilimia 65 na 80, na salio hutoka mfukoni mwa mnunuzi. Thamani ya mthamini ikiwa tofauti na bei ya mauziano, hutumika ile iliyo ndogo.

Baada ya hesabu hizo ndipo unapoamua mlango wa kubisha. Benki hufaa jengo lenye wapangaji na kumbukumbu za miaka iliyopita, na mnunuzi anayeweza kusubiri wiki kadhaa, hata miezi. Jengo lililo tupu au bovu, ambalo halina pato la kuonyesha, hupelekwa zaidi kwa wakopeshaji binafsi, yaani watu au kampuni zinazokopesha fedha zao au za wawekezaji kwa rehani ya mali, aina ya ukopeshaji iliyozoeleka sana Marekani miongoni mwa wanunuzi wa majengo chakavu. Mkopeshaji wa namna hii hutazama zaidi thamani ya mali kuliko historia ya mkopaji, na anaweza kutoa fedha ndani ya siku chache au wiki mbili. Kwa upande mwingine, riba yake huwa juu ya ile ya benki, muda ni mfupi, mara nyingi miezi 6 hadi 24, na mkopo kwa kawaida hauvuki sana asilimia 70 ya thamani, ili ukishindwa kulipa aweze kuuza na kurudisha chake.

Pima gharama yake kwa mfano. Mkopo wa 500,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, wenye ada ya asilimia 3 na marejesho ya riba pekee, utakugharimu 5,000 kila mwezi. Ada ya 15,000 ikikatwa mwanzoni, utapokea 485,000. Kwa mwaka umelipa 75,000, na siku ya mwisho 500,000 yote inadaiwa kwa mkupuo. Kwa hiyo andika katika ombi lako, kwa tarehe na tarakimu, jinsi utakavyotoka: ama kwa kuuza jengo, ama kwa kulihamishia deni benki baada ya matengenezo. Ukichagua benki, rudia hesabu ya mara 1.25 kwa kodi ya pango unayoitarajia baada ya matengenezo. Anayetegemea tu kwamba bei za majengo zitapanda, kwa maoni yangu, hana mpango.

Jalada la benki huwa na fomu ya maombi, vitambulisho na usajili wa kampuni, taarifa ya mali na madeni ya wenye hisa wakubwa, taarifa za fedha na ritani za kodi za miaka 2 au 3, mkataba wa mauziano, na orodha ya wapangaji. Hiyo ya mwisho ndiyo hupuuzwa zaidi. Ionyeshe kila mpangaji, eneo alilopanga, kodi anayolipa, tarehe ya kuanza na kuisha kwa mkataba, na malimbikizo yake, na yote yalingane na mikataba pamoja na fedha zilizoingia katika akaunti. Mpangaji aliyekwisha kutoa notisi ya kuhama aonekane hivyo hivyo.

Mkopeshaji hufuatisha uthamini, upekuzi wa hati miliki na bima, na kwa maeneo kama viwanda au vituo vya mafuta, ukaguzi wa uchafuzi wa ardhi.

Barua ya masharti ikifika, isome na mwanasheria wako mwenyewe. Tofautisha muda wa mkopo na muda uliotumika kukokotoa marejesho: marejesho yanaweza kukokotolewa kwa miaka 25, na mkopo ukakoma mwaka wa 10, bakaa yote ikidaiwa siku hiyo. Tazama kama riba hubadilika, kama kuna adhabu ya kulipa mapema, na kama umeweka dhamana binafsi, kwa sababu dhamana hiyo huruhusu mali zako nyingine kufuatwa. Kwa mkopeshaji binafsi, ulizia bei ya kuongezewa muda, na kama riba hutozwa kwa mkopo mzima au kwa fedha zilizokwisha kutoka, maana fedha za matengenezo hutolewa kwa awamu baada ya mkaguzi kuona kazi iliyofanyika. Kulipia uthamini mapema ni kawaida. Anayedai ada kubwa ya mkopo kabla ya kukupa masharti yoyote kwa maandishi, achana naye.

Baada ya kutia saini, rehani husajiliwa na fedha hulipwa kwa muuzaji. Deni likiisha, dai hati ya kufuta rehani na uhakikishe imesajiliwa, kwani bila hiyo kumbukumbu za ardhi zitaendelea kuonyesha kwamba jengo linadaiwa.