Jinsi ya kumwombea ndugu aliyefungwa wakili wa bure, Tanzania Bara

Kabla ya wakili, notisi. Familia nyingi huanza kuhangaika na wakili, na wakimpata siku zimeshapita. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ana siku 10 tu za kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu, kisha siku 45 tangu hukumu za kuwasilisha sababu za rufaa. Notisi haihitaji mwanasheria: inajazwa gerezani, mfungwa anatia saini au dole gumba, mkuu wa gereza anaipeleka mahakamani.

Papo hapo aombe kwa maandishi nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Siku za kuzingojea hazihesabiwi katika zile 45, kwa hiyo nakala zikifika msiupuuze muhuri wake: tarehe ya kuthibitishwa ndiyo itakayomtetea akiambiwa amechelewa.

Sasa barua ya msaada, chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ukurasa mmoja unatosha: jina, namba ya mfungwa, gereza, mahakama na namba ya kesi, kosa, adhabu, tarehe ya hukumu, na kwamba hana uwezo wa kulipia wakili. Jina liwe lilelile la hati ya mashtaka. Aliyeshtakiwa kama Hamisi Juma akijiandika Juma Hamisi, jalada litatafutwa lisionekane. Nakala moja aikabidhi kwa uongozi wa gereza; nyingine ipelekeni wenyewe kwa shirika lililosajiliwa kutoa msaada wa kisheria, mgongewe muhuri wa kupokelewa.

Ulizeni mapema anayewahudumia ni wakili au msaidizi wa kisheria. Msaidizi ataeleza sheria na kusaidia kuandika, lakini hawezi kusimama mahakamani. Wote wawili hawalipwi na nyinyi, hata "nauli".

Kwa mahabusu njia ni fupi zaidi: kesi inapotajwa, anyooshe mkono amwombe hakimu au jaji mwenyewe, ambaye akiridhika anaweza kuagiza apewe msaada.

Muda ukiwa umepita, yapo maombi ya kuongezewa muda Mahakama Kuu. Hukwama kwa kiapo cha juujuu: "nilikuwa gerezani" peke yake mara nyingi haitoshi. Kama alihamishwa gereza, ataje tarehe, na afisa wa magereza aape kuthibitisha.