Tuta la maua linalostahimili safari zangu za Kondoa

Kila mwezi naondoka hapa Dodoma kwenda Kondoa kumuuguza mama, na mara nyingine nakaa huko wiki mbili. Maua ya kumwagiliwa asubuhi na jioni hayanifai. Tuta nililonalo lina mwaka wa nne sasa, na nalihudumia kwa saa mbili tu kwa mwezi. Kazi kubwa niliifanya kabla sijapanda hata mche mmoja.

Anza Septemba, ardhi ikiwa kavu. Langu lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo.

Kisha pambana na ndago. Hapa watu hulalamikia jua, lakini kilichonichosha mimi miaka yote ni ndago. Ukiipalilia kwa jembe unakata majani tu. Vile viazi vyake vidogo vyeusi vilivyoungana chini kama shanga unavitenganisha, na kila kimoja kinachipua kivyake. Chimba sentimita 30, chekecha udongo kwa chekeche la mchanga wa ujenzi, okota viazi vyote na uvianike juani hadi vikauke kabisa. Halafu mwagilia tuta tupu ili vilivyosalia vichipue, uving'oe na viazi vyake kabla wiki tatu hazijapita, maana baada ya hapo huanza kuzaa vingine. Mimi nilirudia mara tatu, hadi mwisho wa Novemba. Tafadhali usiruke hatua hii. Na usitandike nailoni ukidhani itakuokoa: ncha ya ndago ni kali, inaitoboa, huku maji ya mvua yakishindwa kupita.

Pembeni zungushia matofali ya kuchoma, uyazamishe nusu, ili ukoka wa uani usitambae kuingia. Changanya toroli mbili za samadi iliyooza vizuri, ila acha upande mmoja bila samadi na uongeze mchanga mwingi. Huo ni wa mdagu, ambao wauza miche huuita adeniamu.

Panda Desemba mvua ikishashika, wala si kabla. Nilichagua aina tatu: vinka nyeupe na za waridi, umbali wa sentimita 30, mshubiri katikati, na midagu mitatu kwenye mchanga. Bogenvilia nilikataa. Ukame inauvumilia kweli, lakini kila baada ya muda mfupi inadai mkasi, na miiba yake inachana mikono. Kama una watoto wadogo, fikiri mara mbili kuhusu mdagu, kwa sababu utomvu wake ni sumu. Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi hupaka mishale yao sumu ya mmea wa jamii hiyohiyo. Vaa glavu unapoukata.

Baada ya kupanda, funika udongo. Kwenye vinka nilitandaza kokoto ndogo unene wa sentimita 5. Tuta zima lilikula kama ndoo 12 za lita 20. Mabua ya mahindi yangekuwa bure, ila hapa kwetu mchwa wangehamia siku hiyohiyo. Kokoto zisiguse shina.

Kiangazi napeleka maji ya suuza ya nguo, yale ya mwisho yasiyo na povu, ndoo mbili kwa wiki kwenye vinka peke yake. Nikiwa safarini hazipati, zinanyauka kidogo, nikirudi zinasimama tena. Mdagu usiuguse Juni hadi Agosti. Utapukutisha majani yote na kubaki kama kijiti kikavu, nawe utaona huruma. Mwaka wa kwanza nilidhani mmoja unakufa, nikaumwagilia kila siku, na shina likaoza kuanzia chini. Ulikuwa umelala tu. Nililia, kwani mama ndiye aliyenipa mche ule.

Mwanzoni mwa Novemba napunguza vinka kwa nusu. Mbegu zilizodondoka kati ya kokoto huota zenyewe mvua ya kwanza ikinyesha, na miche iliyobanana naing'oa na udongo wake, naifunga kwenye gazeti lenye unyevu, nampelekea mama. Mlangoni kwake Kondoa sasa kuna safu mbili.