Kuchagua Choo cha Boti ya Kuishi Kwenye Mifereji ya Uingereza kwa Wanaotumia Maji

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mama mmoja wa Tanga na mumewe kuchagua choo cha boti nyembamba waliyoinunua ili waishi ndani yake karibu na Birmingham. Maelezo mengi kuhusu vyoo vya boti yameandikwa na watu wanaotumia karatasi peke yake. Sisi tunaochamba kwa maji tunayasoma, tunanunua kifaa kilichosifiwa, kisha tunashangaa kwa nini kinajaa kabla ya siku zilizotajwa, au kwa nini choo kilichoelezwa kuwa hakinuki kinanuka. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye mambo ambayo fundi yeyote atakueleza, na nitakaa zaidi kwenye suala la maji.

Hatua ya 1: Tafuta pa kumwagia kabla ya kutafuta choo

Katika mifereji ya Uingereza ni marufuku kumwaga maji ya choo ndani ya mfereji. Maji ya sinki na ya kuogea huruhusiwa kutoka moja kwa moja, lakini maji ya kuchambia si maji ya kuogea. Yana kinyesi, na kwa sababu hiyo bafu lenye mpira wa kuchambia unaomwaga kwenye tundu la kuogea halikubaliki hata kidogo, ingawa nimeona boti zilizotengenezwa hivyo.

Sehemu kubwa ya mifereji ya England na Wales, takriban kilomita 3,200, inasimamiwa na Canal & River Trust, shirika lililochukua kazi hiyo mwaka 2012. Shirika hilo lina vituo vya kumwagia vyoo vya kubebeka, ambavyo wenye boti huviita Elsan, na katika baadhi ya maeneo lina mashine za kunyonya matangi ya vyoo yaliyojengwa ndani ya boti. Marina binafsi, yaani bandari ndogo za kufungia boti, nazo hunyonya matangi kwa malipo, na ziko boti za kuuza mafuta na makaa zinazopita zikitoa huduma hiyo hiyo. Kama huna mahali pa kudumu pa kufunga boti, sheria ya mwaka 1995 inakutaka usikae sehemu moja mfululizo zaidi ya siku 14, isipokuwa pawe na sababu ya msingi. Maana yake ni kwamba kituo kilicho karibu nawe leo kitakuwa mbali mwezi ujao.

Chukua ramani, weka alama kwenye kila kituo katika njia utakayopita, kisha uende kwa miguu ukavione vile vilivyo karibu. Angalia kama kituo kinafanya kazi, kama ufunguo wako unakifungua, na kama kuna ngazi kati yake na mahali pa kufunga boti, kwa kuwa ngazi tatu tu zinatosha kukuchosha ukiwa na kaseti iliyojaa, yaani tangi dogo la choo linalochomolewa na kubebwa kwenda kumwagwa.

Hatua ya 2: Hesabu lita, na uanze na maji ya kuchambia

Mtu mzima hutoa takriban lita moja na nusu ya mkojo kwa siku. Kinyesi ni kidogo, hakifiki hata nusu kilo. Kwa watu wawili, basi, mwili unachangia zaidi kidogo ya lita tatu. Mengine yote ni maji tunayoongeza wenyewe.

Chukulia kwamba watu hao wawili wanaingia chooni mara 12 kwa siku, wakitumia kopo la nusu lita kila mara. Hizo ni lita sita. Kama kila mara wanavuta maji pia, na choo cha kaseti kinatumia takriban theluthi moja ya lita kwa mvuto mmoja, ongeza lita nne. Jumla inafika lita 13 kwa siku, na kaseti ya kawaida yenye ujazo wa lita 18 hadi 20 itajaa kwa siku moja na nusu. Muuzaji aliyekuambia siku tatu au nne hakukudanganya, ila alihesabu nyumba yake.

Sasa badilisha chombo. Ukitumia chupa ya kubinya yenye mdomo uliopinda, mfano wa zile wanazopewa kina mama baada ya kujifungua, maji yanakwenda yanapohitajika na robo lita au pungufu inatosha kujitoharisha vizuri. Yaelekeze maji hayo yasuuze na bakuli, na baada ya haja ndogo hutahitaji kuvuta maji tena. Watu wale wale wawili wanashuka hadi lita sita au saba kwa siku, na kaseti inafika karibu siku tatu. Hakuna kifaa chochote utakachonunua kitakachokupa nafuu kubwa kuliko chupa hiyo, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya chupa ya dawa ya choo.

Mpira wa kuchambia unaounganishwa na bomba siupendekezi kwa boti inayohama. Lita moja au mbili humwagika kabla hujafikiri, na maji hayo yanakuumiza mara mbili: yanapungua kwenye tangi la maji safi na yanajaa kwenye tangi la maji machafu.

Usisahau wageni. Sisi hatuwezi kumwambia mtu aliyekuja kutusalimia siku ya Iddi kwamba choo kimejaa. Hesabu siku yenye wageni wengi zaidi, siyo siku ya kawaida.

Hatua ya 3: Chagua aina

Kama boti yako ina mahali pa kudumu katika marina yenye mashine ya kunyonya, chagua choo cha tangi. Tangi la lita 300 litachukua zaidi ya wiki tatu kwa matumizi ya kopo niliyoeleza, na huhitaji kubeba chochote. Pendelea choo kinachokaa moja kwa moja juu ya tangi, ambacho hakina mota wala visu vya kusagia, kwa sababu kisichokuwepo hakiharibiki. Hata hivyo, kwa anayehama ninakikataa choo cha tangi kwa sababu ya majira ya baridi. Mfereji ukiganda, boti haiendi kwenye mashine. Tena, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, malango mengi ya mfereji, yale yanayopandisha na kushusha boti, hufungwa kwa matengenezo, na unaweza kujikuta kati ya malango mawili yaliyofungwa na tangi limejaa.

Kwa anayehama, chaguo langu ni kaseti, na kaseti tatu, siyo moja. Moja iko chooni, mbili ni za akiba, na kigari kidogo cha magurudumu makubwa kinakufikisha kituoni kwa njia ya kando ya mfereji hata kama barafu imeshika. Kaseti iliyojaa ina uzito unaopita kilo 20, hivyo mwenye maumivu ya mgongo amhesabu mtu wa kumsaidia kabla ya kununua.

Vyoo vya kuchoma kinyesi kwa gesi au umeme vipo, na vinafanya kazi. Sijaona sababu ya kuchoma mtungi wa gesi kwa ajili hiyo wakati chakula kinaungoja.

Inabaki aina ya mwisho, choo cha kutenganisha, ambacho mkojo huingia mbele kwenye dumu na kinyesi huanguka nyuma kwenye ndoo yenye maranda au makumbi ya nazi, yale yanayouzwa madukani kama matofali makavu. Hiki kinahitaji hatua yake.

Hatua ya 4: Kabla ya kununua choo cha kutenganisha, kijaribu kwa maji ya rangi

Choo hiki hakinuki kwa sababu moja tu: kinyesi na maji havikutani. Kinyesi kikikaa kikavu, harufu yake ni kama ya udongo. Kikipata maji, huanza kuoza bila hewa, kinanuka ndani ya siku mbili, na inzi wadogo hufuata. Mtu wa karatasi hana tatizo hilo. Mtu wa maji anamwaga maji juu ya ndoo ile ile inayotakiwa kukaa kavu.

Mwombe muuzaji akuruhusu kujaribu, na kama hakubali, nenda kwa mwenye boti aliye na aina hiyo. Tandika karatasi nyeupe za kufutia chini ya ndoo tupu. Tia chai ya rangi ndani ya chupa ya kubinya. Keti kama unavyoketi kila siku, umevaa nguo usiyoijali, kisha mimina kwa namna unayochamba, kutoka nyuma ikiwa ndiyo desturi yako, na kutoka mbele ikiwa ndivyo. Inuka utazame karatasi. Madoa machache pembeni si neno, maana makumbi yatayanyonya. Karatasi ikilowa katikati, choo hicho hakikufai kwa mkao huo.

Kuna mambo ya kuangalia katika jaribio hilo. Kila mtu wa nyumbani ajaribu mwenyewe, kwa sababu mtoto na mtu mzima hawaketi mahali pamoja na ukuta wa kutenganisha haujui hilo. Aina zenye mlango mdogo unaofunika ndoo zijaribiwe mlango ukiwa umefungwa, na uangalie kama maji yanatiririka kwenda mbele au yanasimama na kupenya pembeni mwa mlango. Yakisimama, utalazimika kuyafuta kila mara, na baada ya wiki hakuna atakayefuta.

Yule mama wa Tanga na mumewe walifaulu jaribio kwa namna hii: karatasi kwanza kwa kukauka, inayoanguka kwenye ndoo, kisha kusogea nyuma kidogo juu ya kiti ili maji ya chupa yaangukie sehemu ya mbele. Utaratibu huo hufanya kazi, lakini una gharama zake. Dumu linajaa mapema, karibu maradufu, na kwa kuwa sasa lina chembe za kinyesi, haliwezi kuhesabiwa kuwa mkojo mtupu. Usilimwage vichakani wala kulitia kwenye mimea kama wafanyavyo wengine. Lipeleke Elsan.

Halafu kuna ndoo yenyewe. Zamani wengi walifunga kinyesi kwenye mifuko na kukitupa kwenye mapipa ya taka ya mfereji. Canal & River Trust iliacha kuruhusu jambo hilo mwishoni mwa mwaka 2021. Maranda na makumbi huziba bomba la Elsan, kwa hiyo huko nako siko. Anayebaki ni mwenye shamba dogo au bustani anayeweza kukiacha kioze kwa mwaka mzima au zaidi, na hata hapo asikitie kwenye mboga. Kama huna mahali hapo leo, jibu ni hapana, hata choo kikipita jaribio la chai. Wale wawili walirudi kwenye kaseti.

Nimeulizwa pia kuhusu kibla. Boti inayohama hugeuka kila inapofungwa, kwa hiyo fundi hawezi kukuahidi mwelekeo. Suala hilo mpelekee shehe.

Hatua ya 5: Hewa na mabomba

Hii ni ya choo cha tangi. Bomba la hewa liwe pana na fupi kadiri iwezekanavyo. Harufu ikidumu, chukua kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, kisugue kwenye bomba la choo, kisha ukinuse kitambaa. Kikinuka, bomba limeshapitisha harufu kwenye kuta zake, na hakuna dawa isipokuwa kulibadilisha.

Hatua ya 6: Dawa

Tumia dawa isiyo na fomaldehaidi. Baadhi ya vituo vya Elsan humwaga kwenye mashimo yanayotegemea bakteria, na fomaldehaidi huwaua. Jiki usitie kabisa: ikikutana na mkojo hutoa gesi yenye sumu, na mpira wa kaseti unaharibika.

Hatua ya 7: Kumwaga kaseti

Geuza mdomo wa kaseti uangalie chini kwanza, kisha ndipo ubonyeze kitufe cha hewa kwa kidole gumba na kukishikilia hadi kaseti iishe. Bila kitufe hicho, maji hutoka kwa kugugumia na kurukia viatu. Suuza mara mbili kwa bomba la kituo, siyo kwa maji yako. Kabla ya kurudisha, paka mafuta ya silikoni kwenye mpira wa mlango wa kaseti. Mafuta ya kupikia huufanya ulegee, na kaseti huanza kuvuja inapolazwa kwenye kigari.