Kutumia "that" baada ya "me", "him" na "us"

Anza na kitenzi. "Tell" hudai msikilizaji papo hapo, kisha "that": "She told me that the bus had left." "She told that..." ni kosa. "Explain" haikubali hivyo, msikilizaji akitajwa, hutanguliwa na "to": "He explained to us that the shop was closed." Hapa ndipo wengi hujikwaa, maana "alitueleza" tayari imembeba msikilizaji ndani ya kitenzi, basi wanaandika "explained us". "Remind" na "assure" hufuata "tell", na "warn" pia, msikilizaji akitajwa. "Say" na "suggest" ziko upande wa "explain". Katika mazungumzo, "that" ya "told me" hudondoshwa bila shida. Ya "explained to us", afadhali ibaki.